Una milioni 15 na unataka kuanza na viwanja? Anza na muuzaji

Mkuu, umesema uko Dar, una milioni 15, na unauliza mambo matatu: ununue wapi, mkataba wa serikali ya mtaa unatosha au la, na vyumba vya kupangisha vinalipa?

La wapi nalipita haraka. Chanika, Mapinga, Kigamboni ya ndani ndani, kote dalali atakwambia lami inakuja. Wewe nenda siku ya mvua uone maji yanasimama wapi.

Hujauliza anayekuuzia ni nani, na mimi ningeanzia hapo. Ugomvi mwingi wa viwanja nilioushuhudia chanzo chake ni ukoo. Niliwahi kupelekwa kwenye shamba lililokatwa vipande vya 20 kwa 20. Muuzaji ni kaka mkubwa, mjumbe yupo, majirani wanatuchangamkia. Nikauliza mwenye shamba yuko wapi. Baba, alishafariki. Msimamizi wa mirathi nani? Kimya. Dalali akanivuta pembeni: "Bosi, hayo ya kifamilia tuwaachie wenyewe." Nikaomba barua ya usimamizi kutoka mahakamani, haipo, nikaondoka. Aliyenunua kile kipande alifika kwenye lenta, dada zake muuzaji wakaweka zuio. Na muuzaji akiwa na mwenza, mwenza huyo asaini ridhaa, hata kama wanalala vyumba tofauti.

Halafu hiyo 20 kwa 20, uliza ni mita au hatua. Nenda na futi kamba yako, maana hatua za dalali zinafupika akiwa anakuuzia.

Mkataba wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mliuziana mbele ya mashahidi. Mwenyekiti hamilikishi mtu ardhi. Kama kiwanja kimepimwa, chukua namba ya kiwanja na kitalu, fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata kishika uchumba. Utaona jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki. Angalia pia hati ni ya miaka mingapi, 33, 66 au 99, na imebaki mingapi, kwa sababu ardhi yetu ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, wewe unamilikishwa kwa muda tu. Kisichopimwa si haramu, wengi wetu tunaishi huko huko, ila bei nayo iwe ya kisichopimwa. Ulizia mchoro wa mipango miji, usije ukakuta umenunua barabara.

Vyumba sasa. Tuseme kiwanja milioni 10, ujenzi wa vyumba vinne milioni 25. Kila chumba elfu 50 kwa mwezi, vyote vimejaa: milioni 2.4 kwa mwaka. Milioni 35 yako inarudi baada ya miaka 14 na ushee, kabla ya kodi, choo kujaa na chumba kukaa wazi miezi miwili. Vinalipa, lakini polepole kuliko unavyosimuliwa, na kwa milioni 15 utaishia kuwa na pagale. Mimi ningenunua kiwanja kimoja kilichopimwa, niweke bikoni (zile alama za mpaka) wazi, nipande michongoma kuzunguka mpaka, na akiba ibaki kidogo.

Kukopa vikoba ili ununue kiwanja cha kusubiri bei ipande, hapana. Rejesho ni kila mwezi, na mnunuzi wa kiwanja unaweza kumsubiri mwaka mzima.