Benchi kugoma sio lazima iwe ukoo

Mdogo wangu, umesema benchi, ile ya kusukuma chuma ukiwa umelala chali, imegoma kilo 90 miezi minne, unauliza ni ukoo, yaani mwili wa kurithi, au ukate ugali. Ukoo upo kweli, urefu wa mikono na pale msuli unaposhika mfupa hubadilishi, ila miezi minne bado sana kusema umefika mwisho. Wanga, yaani ugali na vyakula vya aina hiyo, zungusha hivi, siku ya vyuma vizito kula ugali wa muhogo ushibe, siku ya kupumzika punguza nusu, sato na dagaa usipunguze kabisa. Mzani ukishuka haraka wiki ya kwanza hayo mengi ni maji, kila gramu ya wanga kwenye msuli inakaa na kama gramu 3 za maji. Mimi nilikata wanga wote, mikono ikawa inatetemeka chini ya chuma jim ya Kirumba, usifanye hivyo aisee.