Misalaba ya Katanga

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeona picha ya bendera ya Katanga, ile iliyojitenga na Kongo. Ina misalaba mitatu. Je, ilikuwa dola ya Kikristo?
Msomaji wako, kidato cha nne

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ile si misalaba ya kanisa. Ni pesa.

Hapa mezani nina sarafu ya Katanga ya faranga 5, ya mwaka 1961. Upande mmoja kuna ndizi, upande wa pili msalaba huohuo unaouulizia. Mikono yake minne imekaa kama alama ya kuzidisha. Ndivyo mafundi wa Katanga walivyoimimina shaba yao. Walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa katika tanuri la udongo wa kichuguu, kisha wakamimina ule uji wa moto kwenye kalibu. Kwa vipande hivyo watu walinunua bidhaa na kulipa mahari. Vimekutwa hata makaburini huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale, vingine vimelazwa kifuani mwa marehemu. Mmisionari Frederick Arnot alipofika Bunkeya kwa Mfalme Msiri mwaka 1886, misalaba hiyo ilikuwa na umri wa karne kadhaa.

Rangi zilifuata kaulimbiu ya dola: nyekundu ni nguvu, kijani matumaini, nyeupe amani. Misalaba ndiyo neema.

Kiongozi wa Katanga, Moïse Tshombe, alitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya Kongo kupata uhuru, na alama aliyoichukua ilisema kweli tupu: kilichogombewa ni shaba. Kodi ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba hiyo, iliingia kwenye hazina yake badala ya kwenda Léopoldville, mji mkuu wa Kongo (leo Kinshasa). Hapo ndipo ninapoumia. Kazi ya mikono ya wahunzi wale ilipachikwa kwenye dola iliyoshikiliwa na askari wa Ubelgiji na mamluki, dola ambayo hakuna nchi hata moja iliyoitambua. Na mwaka huu uliochorwa kwenye sarafu yangu ndio mwaka Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipouawa katika ardhi hiyohiyo, tarehe 17 Januari.

Dola yenyewe ilikwisha Januari 1963. Miaka ya 1970 Rais Mobutu wa Kongo alilifuta hata jina la Katanga, na mkoa akauita kwa neno letu la Kiswahili: Shaba.