Kabati za jikoni na ile VAT: uliza kabla hujatoa advansi

Wadau, kama unajenga na umefika hatua ya jikoni, soma hii kwanza kabla hujatuma hela kwa mtu. Mimi nimejenga Moshono hapa Arusha, nyumba ya vyumba vitatu, na kitu kilichonitoa jasho kuliko hata bati ni kabati za jikoni, na shida yenyewe wala haikuwa mbao, ilikuwa kodi, hii VAT (kodi ya ongezeko la thamani).

Ilikuwa hivi. Nilipata karakana moja maeneo ya Unga Limited, kazi zao nimeziona kwa jirani na ni nzuri kweli, tukakubaliana milioni 6.8, kabati za juu na chini, topu ya granaiti, sinki na kufunga kila kitu. Nikatoa advansi nusu. Wiki ya tatu kazi inakaribia kuisha naletewa invoisi, chini kabisa wameongeza mstari "VAT 18%", shilingi 1,224,000. Nikapiga simu, naambiwa bosi, bei tuliyokupa ilikuwa bila VAT, kila mtu anajua hivyo. Mimi sikujua, na kwenye ile karatasi ya makubaliano hakuna palipoandikwa hivyo.

Usiku nikampigia dada yangu yuko Uingereza, karibu na Leicester, kwa sababu yeye na shemeji nao walikuwa wanajenga kwao kipindi hichohicho na nilijua ana mafaili ya kodi mpaka chini ya kitanda. Kumbe kule mambo ni tofauti kabisa. VAT yao ni 20%, lakini nyumba mpya ya kuishi ina nafuu, yaani mkandarasi akikujengea nyumba mpya na kukufungia kabati, sinki na topu za jikoni anatakiwa akutoze VAT sifuri. Na kama umejenga mwenyewe na kabati umenunua dukani, duka litakutoza ile 20% kama kawaida ila baadaye unaidai kwa mamlaka yao ya kodi, HMRC, nyumba ikishakamilika. Unadai mara moja tu kwa nyumba nzima, na tangu Desemba 2023 wamewapa watu miezi 6 baada ya kukamilika, zamani ilikuwa 3.

Dada alinunua kabati na topu kwa pauni 10,800, ndani yake VAT ni 1,800, na hiyo 1,800 imerudi. Ila amekwama sehemu mbili na hizi ndio nataka mzisikie, hasa nyie wenye ndugu wanaojenga huko. Ya kwanza, duka lilimwandikia invoisi moja, kabati pamoja na oveni, friji na mashine ya kuoshea vyombo, mstari mmoja jumla moja. Vile vyombo vya umeme havina nafuu hata kama vimepachikwa ndani ya kabati (ile feni ya kutoa moshi juu ya jiko ndio inaruhusiwa), kwa hiyo ilibidi arudi dukani waichambue upya kila kitu na bei yake. Ya pili ndio iliyomuuma zaidi, fundi aliyekuja kufunga alimtoza ufundi pauni 2,500 akaongeza VAT 500, wakati kazi ya kufunga kwenye nyumba mpya ilitakiwa iwe sifuri. HMRC hairudishi kodi ambayo haikutakiwa kutozwa toka mwanzo, wanakwambia rudi kwa aliyekutoza. Fundi alishahamia kazi nyingine, simu hapokei, miezi miwili wanasumbuana ndio akarekebisha invoisi na kurudisha hela.

Ile ya fundi ndio ikanifungua macho. Swali la dada lilikuwa moja tu: "Huyo aliyekutoza, ana ruhusa ya kutoza?" Nikabaki kimya. Sikuwahi kuuliza.

Hapa kwetu mimi na wewe tunaojenga nyumba ya kuishi hatuna hiyo njia ya kurudishiwa VAT ya jikoni, tusidanganyane. Hata kama unajenga ya kupangisha familia, pango la nyumba ya kuishi limesamehewa VAT na ukishakuwa kwenye msamaha huwezi kudai ile uliyolipa kwenye vifaa. Lakini sheria inasema anayetoza VAT ni aliyesajiliwa nayo tu, na kusajiliwa ni lazima kwa mwenye mauzo ya kuanzia milioni 200 kwa mwaka (ilikuwa milioni 100 mpaka ilipopandishwa 2023). Karakana nyingi za mtaani hazifiki huko. Kesho yake nikaenda pale karakana nikaomba VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, na cheti cha VAT, nikaonyeshwa TIN, namba ya mlipakodi. TIN kila mfanyabiashara anayo! Nikaonyeshwa na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, lakini EFD nayo haimaanishi umesajiliwa VAT, angalia juu ya risiti, sehemu ya VRN, kwao ilikuwa imeandikwa hawajasajiliwa. Nikawauliza kwa upole tu, sasa hii milioni na laki mbili mnaipeleka wapi? Mstari ukafutwa palepale, nikamalizia kwenye 6.8 na risiti nikapewa.

Sasa kitu ambacho wengi hawakioni. Fundi asiyesajiliwa hakutozi VAT, ila kodi imo tayari kwenye MDF (zile mbao za kiwandani), bawaba, reli za droo na granaiti alivyonunua, ameshailipa dukani na ameiweka kwenye bei yake. Anachokuokoa ni VAT ya ufundi. Chukulia kazi ya vifaa vya milioni 4.4 na ufundi milioni 2.4, kwa kampuni iliyosajiliwa na bei zilezile utalipa kama 432,000 zaidi, ambayo ni 18% ya ule ufundi. Sio hela ndogo, ni mifuko mingapi ya saruji hiyo. Sisemi kampuni zilizosajiliwa ni mbaya, wengine wanakupa garantii ya maana na wanafika siku waliyosema, ila ulipe ukijua unalipia nini.

Na hesabu yenyewe watu wanaikosea sana. Ukiambiwa milioni 5.9 pamoja na VAT ya 18%, kodi iliyomo ni 900,000, unagawa kwa 118 unazidisha kwa 18. Usichukue 18% ya 5.9, utapata 1,062,000 na utagombana na mtu bure.

Kwa hiyo profoma, ile karatasi ya bei unayopewa kabla ya kazi, iandikwe wazi "bei ni pamoja na VAT" au "muuzaji hajasajiliwa VAT", vifaa na ufundi vitenganishwe, oveni na friji viwe na mistari yao, na yote haya kabla ya advansi, maana ukishatoa nusu huna tena nguvu ya kubishana. Risiti ya EFD dai, sheria inakubana hata wewe mnunuzi, na ikague kwa simu kupitia ile QR yake. Na wale wanaosema wataleta kabati za Nairobi kupitia Namanga kukwepa, VAT inalipwa mpakani hapohapo hata kama ushuru wa forodha hakuna.

Saa hizi natafuta mtu wa makabati ya nguo vyumbani. Nimeomba profoma mbili, mmoja yupo Njiro mwingine Sakina, na wote nimewaandikia swali lilelile kwenye WhatsApp: umesajiliwa VAT au hapana? Wa Njiro alinitumia picha ya cheti dakika kumi baadaye. Wa Sakina ameona meseji toka juzi.