Kabla Hujaitia Beetle Diski za Mbele

Mwanagenzi akija na Volkswagen Beetle ya breki za dramu, swali lake la kwanza huwa diski zinauzwa wapi. Hilo dogo. Anza na masta silinda, ile pampu inayosukuma fluidi ya breki ukikanyaga pedali.

Mimi nilijifunza kwa pua. Beetle yangu ya kwanza niliifunga diski, kalipa (koleo linalobana pedi kwenye diski) na pedi mpya, nikaiacha masta silinda ya zamani kwa kuwa haikuvuja. Mjini Mombasa ilikwenda vizuri tu. Siku niliposhuka Mazeras, gari likawa zito kana kwamba linavuta tela, kisha ikaja harufu. Niliposimama, rimu za mbele hazikushikika.

Masta silinda ile ya dramu ina vali ndogo inayobakiza presha kidogo ndani ya paipu hata ukiachia pedali. Dramu haidhuriki, maana ina springi kali za kurudisha viatu vya breki. Kalipa haina springi hizo. Pistoni yake hurudishwa na pete ya mpira tu, tena nusu ya unywele. Presha ikibaki, pedi haziachii. Kwa hiyo njia ya fluidi ya breki za mbele isiwe na vali hiyo, ya nyuma yenye dramu iachiwe yake. Tafuta masta silinda ya Beetle ya diski, yenye njia mbili.

Yuko mkosaji mwingine anayefanana naye sana: fimbo ya pedali. Kati ya fimbo na pistoni ya masta silinda ibaki nafasi ya milimita 1 hivi. Ukiibana, pistoni hairudi hadi mwisho na fluidi inanaswa. Breki zikishika bila kukanyagwa usikisie. Piga jeki, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Gurudumu likizunguka papo hapo, presha ndiyo imenaswa: kagua vali, fimbo na paipu za mpira za breki. Lisipozunguka, kalipa yenyewe imekwama.

Na skrubu hiyo lazima itazame juu. Kijana wangu mmoja alifunga kalipa ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Ziliingia bila ubishi. Tukatoa hewa mchana kutwa, pedali ikabaki laini kama sifongo, kwa sababu hewa hukaa juu na sisi tulikuwa tunafungulia chini.

Spea usibahatishe. Karmann Ghia, gari lingine la Volkswagen, ya modeli ya 1967 ilitoka kiwandani na diski mbele, kwa hiyo vifaa vyake ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini Beetle za hadi modeli ya 1965 zina mguu wa mbele tofauti na zile za boljointi (viungo vya tufe) zilizofuata. Hesabu pia bolti za rimu, 5 au 4, na ujaribishe rimu juu ya kalipa kabla hujalipa. Nati ya beringi ya mbele kushoto ina uzi wa kinyume; wengi wameikaza wakidhani wanaifungua.

Pedali itataka mguu zaidi, usiogope. Kiatu cha dramu hujikaza chenyewe gurudumu linapozunguka, pedi haijui hila hiyo. Gari la kilo 800 hivi halihitaji sevo, kile kifaa cha kuongezea mguu nguvu.

Zoesha pedi taratibu: kutoka kilomita 50 kwa saa punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, mara kadhaa, ukiziacha zipoe katikati. Kisha endesha kidogo bila kukanyaga sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele. Moja ikiwaka kuliko mwenzake, rudisha gari kwenye jeki.