Kitabu cha njia kwa Mlima Kenya

Dada, umeuliza ununue kitabu gani kabla ya kupanda kwa njia ya Sirimon na kushukia ile ya Chogoria. Usianze na jalada. Fungua ukurasa wa Sirimon pale pale dukani uone kama kimetaja mwinuko wa kila kambi. Old Moses iko kama mita 3,300, na Shipton's kama 4,200. Hizo ni mita 900 kwa siku moja, na mwili unazihisi: kichwa kinagonga, chakula hakipiti. Kitabu kizuri kitakuambia wapi upumzike siku ya ziada. Kisichosema lolote kuhusu ugonjwa wa mwinuko kirudishe rafuni, hata kiwe na picha nzuri namna gani.

Halafu tazama mwaka wa toleo. Hili nalisisitiza, maana barafu ya Lewis chini ya kilele cha Lenana imesinyaa sana, na ramani za zamani bado zinaionyesha kubwa. Utafika utafute barafu, ukute mawe.

Ramani iwe ya kipimo cha 1:50,000, yenye mistari ya mwinuko na vijito vya maji.

Uzito nao. Mimi nilibeba kitabu kinene, mvua ikatukuta juu ya Old Moses, kurasa zikagandana hata sikuweza kuzifunua. Siku hizi napiga nakala ya kurasa za njia yangu tu, naziweka kwenye mfuko wa plastiki mfukoni mwa koti. Kitabu chenyewe nakiacha nyumbani.