Baba yako alikuwa anajua dramu kweli, au walimsifu tu msibani?

Mwanangu,

Zile sauti ulizonitumia nimezisikiliza zote, zingine mara mbili, bando la wiki limeishia hapo hapo kwahiyo utanirushia lingine. Nilikuwa nimekaa hapa barazani Kirumba nachambua dagaa huku wazungu wazee wanaongea habari za Beatles kwenye simu, jirani akauliza mama vipi, umeanza kusoma Kiingereza uzeeni?

Swali lako nimelielewa. Unasema hao wanaosimulia wote ni wanamuziki, wengine walipiga jukwaa moja na Beatles, na wakimfikia Ringo, mpiga dramu wao, wanasema bila yeye ile bendi isingekuwa ile, wakati watu wa nje wamemcheka miaka yote kwamba alikuwa na bahati tu. Ukakumbuka msiba wa baba yako, wazee wa bendi walivyosimama mmoja mmoja kumsifu, ndio ukaniandikia: mama, alikuwa anajua kweli au walikuwa wanatufariji?

Acha nianze na huyo Ringo maana yeye hatanikasirikia.

Ringo hakuanza na Beatles. Alikuwa na Rory Storm and the Hurricanes, bendi ya Liverpool hukohuko, na mwaka 1960 bendi zote mbili zilikuwa Hamburg, Ujerumani, zinapokezana jukwaa klabu moja inaitwa Kaiserkeller. Mabwana wakubwa wakati huo ni akina Rory, akina John Lennon wa Beatles ndio madogo. Jukwaa lenyewe mbao zimechoka, vijana wakawekeana dau nani atalivunja kwanza, na Rory ndiye aliyelivunja. Huo ndio ujinga wa wanamuziki, hata wa kwetu wangefanya vilevile. Sasa we fikiria watu wanapokezana usiku kucha, wewe ukishuka mwenzio anapanda, unakunywa bia yako pembeni unamsikiliza mpiga dramu wa bendi nyingine usiku wa kwanza, wa pili, wa ishirini. Huwezi kudanganyika. Mshabiki anakuja Jumamosi moja amevaa vizuri ana mchumba pembeni, yeye anamwangalia mwimbaji tu.

Agosti 1962 Beatles wakamtoa mpiga dramu wao Pete Best wakamchukua Ringo. Hapo ndipo ninapomwamini mtu, siyo kwenye maneno. Kumsifu mtu ni bure, lakini kumtoa kwenye bendi yake na kumfukuza wako ni ugomvi, na mashabiki wa Pete walikuja juu kweli. Kwetu hapa tungesema kahama bendi, kama mwimbaji mzee Gurumo alivyotoka Nuta akaenda Sikinde, akaenda OSS, halafu akarudi Msondo, ileile Nuta, kila akihama watu wananuna miezi.

Lakini usidhani alipokelewa kwa maua. Septemba hiyohiyo wanarekodi Love Me Do, George Martin prodyuza wao keshaita mpiga dramu mwingine wa kukodi, Andy White, Ringo akapewa tari apige pembeni kama mtoto wa kwaya. Maua yalikuja baadaye sana. 1968 alichoka akaondoka kwenye bendi kama wiki mbili hivi, Paul McCartney mwenzao akashika dramu mwenyewe kwenye nyimbo mbili, wakamwita, aliporudi studio akakuta dramu zake zimepambwa maua kila mahali. Wanne tu, wana hela zote zile, na mmoja wao anajua kupiga dramu vizuri tu, lakini bado wanamtaka yuleyule.

Kingine wanachokisema wapiga dramu wenzake ni ule mkono. Ringo ni wa kushoto lakini alikalia dramu zilizopangwa kwa mtu wa kulia, kwahiyo akitaka kuzizunguka mkono unaotangulia siyo ule wenzie wanaotanguliza, ndio maana wakimuiga inatoka tofauti. Mshabiki hawezi kukwambia hilo. Na lile neno wanalomsingizia John, eti Ringo hakuwa hata mpiga dramu bora ndani ya Beatles, John hakulisema. Ni utani wa wachekeshaji wa Uingereza uliokuja baada ya John kuuawa Desemba 1980. Ona sasa, neno la mchekeshaji limeenda mbali kuliko maneno ya watu waliokaa naye jukwaani.

Haya tuje nyumbani.

Msibani wazee wale walisema uongo mwingi na mimi nilikuwa nimejifunika khanga namsikia kila mmoja. Walisema hajawahi kuchelewa. Uongo, mimi ndio nilikuwa nakaa mlangoni na kopo la Blue Band la hela za kiingilio, watu wameshajaa ukumbi baba yako bado anabishana mpira Makoroboi. Walisema hakuwa mlevi jukwaani, sawa, hilo nusu. Yule mpiga solo aliyeongea robo saa alikuwa anajisifu yeye mwenyewe, jina la baba yako limetajwa mara mbili.

Ila baba yako mdogo aliyekuwa anapiga besi, unakumbuka alisimama akasema sentensi moja tu akakaa? Alisema, "Mimi nilikuwa napotea, yeye ananirudisha." Watu hawakumsikiliza hata, walikuwa wanasubiri chakula. Mimi yule ndiye niliyemwamini, kwasababu alichosema kinamuaibisha yeye. Hata hao wa Beatles wako, sikiliza nani anasimulia hadithi ambayo yeye ndiye aliyeshindwa.

Na nilikuwepo. Tulienda kupiga Nansio, kule Ukerewe, tumevuka na meli na vyombo vyote, miaka ile ya shida, ya kupanga foleni ya sabuni, nyuzi za gitaa hakuna watu wanafunga waya wa breki za baiskeli. Ngozi ya ile dramu ndogo anayoiweka katikati ya magoti ilikuwa imepasuka akaweka ya mbuzi, na upepo wa ziwa ukiingia usiku inalegea inatoa sauti ya sufuria, kwahiyo kila mapumziko anatoka nje kwa mama anayechoma samaki anaiotesha kwenye mkaa, anaigonga kwa kidole, anaotesha tena, samaki wa yule mama zinaungua yeye hana habari. Fimbo zake alichonga mwenyewe za mpera akazikausha juu ya jiko langu, zilinuka moshi mpaka mwisho.

Basi katikati ya wimbo, ndio chemko limeanza, pale muziki unapokolea watu wanacheza, jenereta likazima. Giza, magitaa kimya, sauti hakuna. Nikashika kopo langu kwa mikono miwili maana nilijua sasa wataanza kudai hela zao. Dramu hazikusimama. Hakuongeza kasi, hakuanza mbwembwe, aliendelea vilevile kama taa zinawaka, tumba ikamfuata, na watu wakaendelea kucheza gizani, nasikia viatu tu kwenye sakafu. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Jenereta lilipowaka magitaa yakaingia palepale, isipokuwa besi, besi ilikuwa imepotea kabisa, na nilimwona baba yako anamwangalia mdogo wake anatingisha kichwa taratibu, moja, mbili, mpaka akaingia. Hakuna mtu ukumbini aliyeona. Hakuna aliyedai hela.

Alikuwa bora kuliko wote Mwanza? Hapana, kulikuwa na jamaa wa bendi nyingine alikuwa anamzidi mbali na baba yako alikuwa anajua, alikuwa anaenda kumsikiliza siku zake za mapumziko anarudi amenuna.

Ukija Desemba usiniulize mimi tena. Baba yako mdogo yuko Igombe, nenda jioni maana asubuhi yuko na wavuvi, mpelekee kilo mbili za sukari na urekodi kwa hiyo simu yako. Usimuulize "kaka yako alikuwaje?", atakulilia tu. Muulize usiku ule wa Nansio besi ilipotelea wapi.

Mama yako