Wape nyasi, wanyime gundi

Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni shughuli gani ya sayansi mtoto anaweza kuifanya nyumbani bila maabara. Mi nasema kiota, na sio kukichora, nasema kukijenga halafu kukijaribu mpaka kichanike.

Huku Tukuyu mvua zikianza mnana, wale ndege wanaosuka viota, wanashambulia migomba yetu kutafuta vifaa vya kujengea, so anzeni hapo, wapelekeni watoto wakamwangalie dume maana kwa mnana dume ndo fundi, jike anakuja kukagua na akikataa kiota mara nyingi jamaa anakibomoa anaanza upya. Dume anang'ata ukingo wa jani, anashikilia, anaruka, na jani linachanika kufuata mishipa yake linatoa utepe mrefu. Waacheni watoto wachane wenyewe, kwanza kufuata mishipa halafu kwa kuikata, waone wapi wanapata kamba na wapi wanapata vipande visivyofaa kitu. Kisha wapinde utepe mbichi na mkavu, ule mkavu utakatika, hapo wataelewa wenyewe kwa nini ndege anasukia mbichi na kuacha ukaukie kwenye kiota.

Sasa wajenge. Vidole viwili tu vya mkono mmoja, huo ndo mdomo, mkono wa pili unaruhusiwa kukandamiza tu maana mnana naye anashikilia kwa mguu. Gundi hamna, selotepu hamna. Watalalamika sana na wadogo wanaweza kulia kabisa, lakini jamani msiwasaidie haraka, watahangaika mpaka mmoja agundue kwamba lazima uanze na pete iliyofungwa kwenye tawi, na mnana anaanza hivyo hivyo, pete kwanza chumba baadae. Wasipogundua warudisheni kwenye mti wakaangalie viota ambavyo havijaisha.

Kupima ni rahisi, weka kokoto moja moja, tikisa tawi, mwagia maji kwa kopo lenye matundu (Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, hilo jaribio ni la lazima). Nyie wa Makete na Njombe mna baridi ya kutosha, chukueni chupa mbili ndogo za maji ya moto, amimine mtu mzima, moja ikae kwenye kiota chenye manyoya ya kuku na nyingine nje, baada ya nusu saa mtoto aguse zote aone hewa iliyonaswa kwenye manyoya inavyozuia joto kutoka.

Viota vya kweli mguse vilivyoanguka tu na visivyo na ndege, mnawe mikono maana vina utitiri. Kupanda mti kutoa mayai hapana kabisa, hapo silegezi.

Na walimu, naomba msitoe maksi kwa uzuri. Mpeni maksi anayeweza kueleza kwa nini cha kwake kilichanikia upande ule, halafu muwe na majani ya akiba, maana akishaona kilipochanikia atataka kujenga tena saa hiyo hiyo.